Uliumia kazini, dai likakataliwa: Korti si mlango wa kwanza

Mfanyakazi anayekatwa vidole na mashine ya kupasulia mbao katika Industrial Area, Nairobi, hupata ushauri mwingi kabla hata hajatoka wodini. Wenzake humwambia aende kortini amshtaki tajiri. Mtu nadhifu, ambaye hakuna ajuaye amefikaje pale kitandani, humwambia anamjua wakili asiyedai chochote mpaka kesi ishinde. Meneja naye hupita na matunda, akasema apumzike tu, kampuni itamshughulikia. Kati ya hao wote, hakuna anayemtajia fomu ya kuripoti ajali.

Fomu hiyo ndiyo kesi yenyewe. Nchini Kenya, tangu Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake tarehe 3 Desemba 2019, mfanyakazi aliyeumia kazini hawezi kuanzia kortini kudai fidia. Lazima aanzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, afisa ambaye wafanyakazi wengi wanamjua kwa jina la idara yake tu: DOSH. Korti ipo, lakini imesogezwa hadi mwisho wa njia, na anayefika huko hubeba yale tu aliyoyaandikisha alipokuwa akipita. Anayeruka hatua na kufungua kesi kwa hakimu huenda akaambiwa, baada ya miezi ya kuahirishwa, kwamba korti hiyo haina mamlaka ya kumsikiliza.

Sheria inayotawala mambo haya ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA. Ilitungwa ili kumwondolea aliyeumia mzigo wa kesi. Baada ya miaka mingi ya kutumika, wengi bado wanaishia mbele ya jaji, na mara nyingi si kwa sababu mtu amebisha kwamba waliumia, bali kwa sababu hakuna anayewalipa.

Kosa la nani?

Kabla ya WIBA, Kenya ilikuwa na sheria ya fidia ya wafanyakazi iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Kando yake kulikuwa na njia ambayo mawakili waliipenda zaidi: kumshtaki mwajiri kwa uzembe. Huko ilibidi mfanyakazi athibitishe kwamba tajiri alikosea. Je, mashine haikuwa na kinga? Glavu hazikutolewa? Je, msimamizi aliamuru kazi ya hatari? Mwajiri naye alijibu kwamba mfanyakazi mwenyewe ndiye aliyezembea, alikuwa na haraka, au alikuwa akipiga gumzo. Hakimu aligawanya lawama, asilimia kadhaa kwa huyu na kadhaa kwa yule, kisha akapunguza fidia kwa kiasi cha lawama ya aliyeumia.

WIBA ilibadilisha swali. Haiulizi tena nani alikosea. Inauliza kama mtu huyu alikuwa mfanyakazi wako, kama aliumia akiwa katika kazi yako, na kama ameachwa na ulemavu wa kiasi gani. Isipokuwa pale mtu alipojiletea madhara kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, uzembe wa kawaida wa binadamu haumnyimi haki. Hata akiumia ndani ya gari ambalo mwajiri ametoa kubeba wafanyakazi kwenda au kutoka kazini, sheria inahesabu kwamba alikuwa kazini.

Fidia nayo ikageuka kuwa hesabu. Kwa ulemavu wa kudumu, sheria huchukua mapato ya miezi 96, yaani miaka minane, kisha huzidisha kwa asilimia ya ulemavu. Tuseme mfanyakazi alikuwa akipata shilingi 20,000 kwa mwezi na daktari amempa ulemavu wa asilimia 30. Miezi 96 ni shilingi 1,920,000, na asilimia 30 ya hizo ni shilingi 576,000. Kwa ulemavu wa muda unaomzuia mtu kufanya kazi siku tatu au zaidi, yapo malipo ya vipindi yanayolingana na mapato yake, yasiyozidi miezi 12.

Kulikuwa na mabadilishano hapa. Mfanyakazi aliondolewa kazi ya kuthibitisha kosa, naye akaachia fidia ya maumivu na mateso ambayo korti ilikuwa ikimpa kwa kupima hali yake mwenyewe. Kwa kibarua asiye na shahidi wa kumwona akiumia, hayo ni makubaliano mazuri. Kwa kijana wa miaka 22 aliyevunjika uti wa mgongo na ambaye mshahara wake ulikuwa mdogo, mapato ya miaka minane ni pesa chache sana kwa maisha yote yaliyobaki.

Miaka ya mvutano

Mawakili hawakuipokea sheria hiyo kwa mikono miwili. Mwaka 2008, ilipoanza kutumika, Chama cha Mawakili nchini Kenya, LSK, kilikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu kadhaa. Shabaha kubwa ilikuwa kifungu cha 16, kinachosema kwamba hakuna fidia ya ajali ya kazini itakayodaiwa nje ya utaratibu wa sheria hiyo. LSK iliona hapo mwananchi akifungiwa mlango wa korti. Ililalamikia pia kwamba anayepinga uamuzi wa Mkurugenzi anatakiwa kuupinga kwa Mkurugenzi yuleyule.

Machi 2009 Mahakama Kuu ilikubaliana nao na kuvitangaza vifungu kadhaa kuwa kinyume cha Katiba iliyokuwepo wakati huo. Kesi zikarudi kwa mahakimu kama zamani, kwa maelfu. Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa iliugeuza uamuzi huo kwa sehemu kubwa. LSK ikakata rufaa tena, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala. Ilisema kifungu cha 16 hakimnyimi mtu korti, bali kinaweka utaratibu unaoanza na uchunguzi na uamuzi wa Mkurugenzi, kisha unaruhusu rufaa kwa mahakama ya masuala ya kazi.

Kisheria jambo lilinyooka. Mitaani liliacha watu njia panda. Aliyeumia mwaka 2013 akafungua kesi kwa hakimu, akifuata sheria kama ilivyokuwa siku hiyo, sasa alisikia wakili wa kampuni ya bima akisimama kuomba kesi itupwe. Baadhi ya majaji walikubali ombi kama hilo, wengine wakasema si haki kumwadhibu mtu kwa kufuata njia ambayo korti yenyewe ilimwonyesha. Ilibidi Jaji Mkuu Martha Koome atoe mwongozo mwaka 2023 kwamba kesi zilizofunguliwa kabla ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ziendelee hadi zimalizike zilipo. Aliyeumia baada ya uamuzi huo hana utetezi huo. Yeye ni wa DOSH.

Siku zinazohesabiwa

Mwenye kudai fidia hana budi kuishi na kalenda. Lazima mwajiri aarifiwe kuhusu ajali, kwa maandishi au kwa mdomo, mapema iwezekanavyo. Mwajiri naye, akishapata habari, ana siku saba za kumwarifu Mkurugenzi, na kama kuna kifo habari hiyo inatakiwa ifike ndani ya saa 24. Dai lenyewe liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Likishatumwa kwa mwajiri au bima yake, lilipwe ndani ya siku 90.

Fomu ya kuripoti ajali ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Mwajiri hueleza nani aliumia, lini, wapi, na alikuwa akilipwa kiasi gani. Daktari hueleza jeraha, siku za mapumziko na asilimia ya ulemavu unaobaki. Ukitazama vizuri, karibu kila mzozo utakaofika kwa jaji baadaye umezaliwa kwenye karatasi hiyo.

Chukua mshahara. Mwajiri akiandika shilingi 18,000 za msingi na kuacha ovataimu ya kila mwezi na nyumba anayompa mfanyakazi, huenda mapato halisi yalikuwa shilingi 24,000. Sheria inahesabu malipo ya kudumu ya aina hiyo kuwa sehemu ya mapato, ingawa ovataimu ya kubahatisha na marejesho ya nauli hayahesabiwi. Kwa ulemavu wa asilimia 25, shilingi 18,000 huzaa fidia ya shilingi 432,000, na shilingi 24,000 huzaa 576,000. Shilingi 144,000 zimepotea katika kisanduku kimoja cha fomu, na mwenye nazo amelazwa hospitalini hana habari.

Kuna pia waajiri wasioripoti kabisa. Wengine hawana bima ingawa sheria inawalazimu kuwa nayo, hivyo wanahofia kujifichua. Wengine hulipa bili ya hospitali, wakampa mtu likizo yenye malipo kidogo, na kumwambia yamekwisha. Mwajiri asiporipoti, dai halifi. Mfanyakazi, au mtu kwa niaba yake, anaweza kwenda mwenyewe ofisi ya DOSH ya kaunti na kulianzisha. Kosa ni kungoja huruma hadi mwezi wa 13.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa aliyeumia kazini, daftari hilo ni picha ya kitambulisho cha kazi, hati za malipo au rekodi za M-Pesa zinazoonyesha mshahara ukiingia, karatasi ya kwanza kabisa ya hospitali yenye tarehe na maelezo ya jinsi alivyoumia, na majina ya wenzake wawili waliokuwa zamu moja naye. Karatasi ya kwanza ya hospitali ina uzito wa pekee. Ikiwa karani wa mapokezi aliandika “ameanguka nyumbani” kwa sababu aliyemleta mgonjwa alikuwa dereva wa kampuni na ndiye aliyejibu maswali, mawakili wa bima wataishika sentensi hiyo miaka mitatu baadaye.

Dai linapokataliwa

Dai hukataliwa kwa njia nyingi, na si zote zinazokuja na barua. Mwajiri anaweza kusema huyu si mfanyakazi wake bali kibarua wa mkandarasi. Anaweza kusema ajali ilitokea saa ambazo zamu ilikuwa imekwisha. Bima inaweza kumpeleka mfanyakazi kwa daktari wake, na asilimia 30 ya daktari wa kwanza ikageuka kuwa 8. Inaweza kudai mgongo huo ulikuwa mbovu tangu zamani. Au dai linakaa tu, barua hazijibiwi, na siku 90 zinapita kama upepo.

Kuhusu kibarua, mfanyakazi asitishike haraka. WIBA inamtambua anayeajiriwa kwa ujira, na haihitaji barua ya ajira yenye mhuri. Anayebeba zege kwenye mjengo kwa malipo ya siku ana haki ya kudai, mradi aonyeshe nani alimlipa na nani alimpa amri. Wafanyakazi wa nyumbani nao wamo.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi, awe mfanyakazi au mwajiri, ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi mwenyewe. Mkurugenzi anatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, ama akiubadilisha uamuzi au akiushikilia, na atoe sababu. Anayepokea jibu hilo na bado hajaridhika ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Pingamizi lisiwe malalamiko ya jumla. “Nimeonewa” haina nguvu mezani. Lenye nguvu ni lile linalosema kwamba mapato yaliyotumika ni shilingi fulani, ilhali rekodi za malipo za miezi sita zinaonyesha nyingine. Kwamba daktari wa bima hakupima nguvu ya mkono. Kwamba ripoti ya mtaalamu wa mifupa, iliyoambatishwa, inaonyesha kidole cha pili hakikunji. Ambatisha, andika tarehe, peleka nakala mbili, na uhakikishe yako imegongwa mhuri wa kupokelewa. Mhuri huo ndio utakaothibitisha kwa jaji kwamba ulikuwa ndani ya siku 60.

Na Mkurugenzi asipojibu? Katiba, katika ibara ya 47, inampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka na wa haki, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 inaruhusu kuiomba mahakama imwamuru afisa wa umma atimize wajibu wake. Kabla ya kufika huko, barua moja ya kukumbusha, yenye tarehe na mhuri, humsaidia jaji kuona nani aliyechelewesha.

Mbele ya jaji

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina hadhi sawa na Mahakama Kuu, na ina vituo nje ya Nairobi pia, ikiwemo Mombasa, Kisumu na Nakuru. Jaji anayesikiliza rufaa ya WIBA haanzi upya kama hakimu wa zamani aliyewasikiliza mashahidi wakigombana kuhusu glavu. Anasoma kilichokuwa mbele ya Mkurugenzi, anapima kama sheria ilifuatwa, kama hesabu ni sahihi, na kama asilimia ina msingi wa kitabibu. Ndiyo maana ripoti ya daktari iliyosahaulika nyumbani wakati wa pingamizi ni vigumu kuiingiza baadaye.

Wakili anasaidia sana, lakini sheria ya mahakama hiyo hailazimishi kuwa naye. Mtu anaweza kujiwakilisha, na mwanachama wa chama cha wafanyakazi anaweza kusimamiwa na afisa wa chama chake. Mashirika kama Kituo Cha Sheria yamewashauri wafanyakazi wasio na uwezo kwa miongo kadhaa, na kuna huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Anayekubaliana na wakili kulipana baadaye aombe makubaliano hayo kwa maandishi kabla ya kutia sahihi kitu chochote, hasa karatasi inayoruhusu fidia ipitie akaunti ya mtu mwingine.

Kushinda bila kulipwa

Hapa ndipo WIBA inapoacha pengo lake kubwa. Sheria inasema dai lilipwe ndani ya siku 90, na inamfanya asiyelipa kuwa mkosaji anayeweza kushtakiwa. Kumfunga tajiri, hata hivyo, hakumlipii mgonjwa karo ya mtoto. Uamuzi wa Mkurugenzi haukupewa na sheria hiyo njia iliyo wazi ya kugeuka amri ambayo dalali wa mahakama anaweza kwenda nayo kiwandani kushika mali.

Matokeo yake ni kioja. Mfanyakazi ana barua rasmi ya serikali inayotaja kiasi anachodai hadi shilingi ya mwisho. Mwajiri hakuweka pingamizi. Siku 60 zimepita, 90 zimepita. Ofisi ya DOSH inaandika barua za kukumbusha. Mwisho mfanyakazi anakwenda mahakamani kuomba barua ile itambuliwe kuwa amri ya korti, yaani anafungua kesi ili apate kile ambacho sheria ilisema atapata bila kesi.

Majaji hawakulitazama ombi hilo kwa jicho moja. Baadhi walisema sheria haikuwapa kazi ya kukusanya madeni ya Mkurugenzi. Wengine waliona kwamba haki isiyoweza kutekelezwa si haki, wakaitambua tathmini ya Mkurugenzi na kuitolea amri. Majaji wa upande huu wa pili pia wamewafungia njia waajiri wanaoamka wakati huo na kuanza kubisha asilimia: ulikuwa na siku 60, hukuzitumia, huwezi kuja leo kujitetea kwa kile ulichokinyamazia. Kwa mfanyakazi, msimamo huo ni silaha nzuri, ingawa unamtaka kwanza apate nauli, ada ya kufungulia faili na mtu wa kumwandikia hati ya kiapo.

Jirani wa kusini alichukua njia nyingine. Tanzania ilitunga sheria yake ya fidia mwaka 2008, ikaunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Waajiri huchangia mfuko huo, na mfuko ndio unaolipa. Hilo halimalizi ubishi kuhusu nani aliumia wapi na kwa asilimia ngapi, lakini fidia ikishakubaliwa, mlipaji ni taasisi moja inayojulikana anwani yake. Kenya iliachia kila mwajiri kununua bima yake, na hapo mfanyakazi analipia uzembe wa mwajiri ambaye hakununua, au wa bima iliyofilisika.

Bunge linaweza kuziba pengo hili bila kuivunja sheria yote. Kifungu kimoja kinatosha, kinachosema kwamba tathmini isiyopingwa ndani ya siku 60 itasajiliwa mahakamani na kutekelezwa kama hukumu, na kwamba riba itaanza kuhesabiwa siku ya 91. Mwajiri akijua kuwa kuchelewa kunamgharimu, atapiga simu kwa bima yake kabla ya kupigiwa na dalali. Majaji waliokubali kutambua tathmini wamekwishaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Kinachokosekana ni kulitoa katika hiari ya jaji mmoja mmoja na kuliandika katika sheria.

Hadi hapo, aliyeumia afanye mambo kwa mpangilio: aripoti siku ileile, asome fomu kabla ya mwajiri kuipeleka, apige picha kila karatasi, aandike siku ya 60 na ya 30 kwenye kalenda ya simu, na asitie sahihi karatasi ya “nimelipwa yote” kwa pesa za nauli. Akikataliwa baada ya yote hayo, korti itamsikiliza, kwa kuwa atakuwa na faili ambalo mwajiri hawezi kulibisha.